Mwezi Uliolala Chali: Mikono ya Mtoto na Elimu ya Anga

(Mhadhara huu ulitolewa mjini Tanga mbele ya walimu wa shule za msingi, maustadhi wa madrasa na wazazi. Umechapwa hapa karibu kama ulivyosemwa ukumbini.)

  

 Niliombwa nizungumze juu ya ufundishaji wa elimu ya anga. Anga ni pana na jioni ni fupi, kwa hiyo naomba ruhusa yenu nibaki na mwezi peke yake, na mtoto wa darasa la tatu hadi la sita. Nina lengo moja. Nataka tukitoka hapa tuwe tumekubaliana kwamba mtoto asielezwe habari za mwezi kabla hajautazama mwenyewe kwa siku thelathini, na kwamba vifaa vya kumfundishia viko jikoni, uani na ufukweni kwetu. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu, mtanisamehe.

Kabla ya hoja, kisa. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilichora ubaoni mwezi mwandamo. Niliuchora kama ulivyokuwa kitabuni: umesimama wima, mgongo kulia, pembe zote mbili zimeelekea kushoto. Binti mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mwezi hausimami hivyo. Unalala, kama mtumbwi." Nikamwambia afuate kitabu. Kwenye jaribio akachora mtumbwi, nami nikamkosesha.

Siku chache baadaye nilikuwa Sahare, hapa hapa Tanga, magharibi ikiingia. Jua lilikuwa limeshazama. Nikautazama mwezi wa siku ya pili, mwembamba kama ukucha, umelala chali na pembe zake zimeelekea juu. Mtumbwi kamili. Kesho yake nilimrudishia yule binti alama yake mbele ya wenzake, lakini hakunyoosha tena mkono mwaka ule wote. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi tangu hapo, na mkono ule ambao haukunyooshwa tena ndio ulionileta mbele yenu leo.

Kitabu hakikusema uongo. Kilichorwa na watu wa nchi za kaskazini ya mbali, ambako jua huzama kwa mshazari na mwezi mwandamo huonekana umeinuka ubavu. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Huku jua hushuka karibu wima, na mwezi unalifuata kwa njia ile ile. Jua likishazama, linakuwa chini ya mwezi, na upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolielekea jua: upande wa chini. Kwa hiyo mwezi wetu hulala. Kuna miezi ya mwaka ambapo huinama kidogo kulia au kushoto, lakini mara chache sana utauona umesimama wima kama ule wa kitabuni.

Hoja ya kwanza: macho yatangulie maelezo.

Mpe mtoto daftari na umchoree kurasa zenye vyumba thelathini. Aanze jioni ya mwandamo, na kila siku ajaze chumba kimoja: sura ya mwezi kama alivyouona, saa aliyouona, na mahali ulipokuwa. Mahali pasemwe kwa alama za nyumbani kwake, si kwa nyuzi wala dira. Aandike "juu ya mnazi wa kwa Mama Salimu", au "kushoto kwa mnara wa msikiti". Na asimame pale pale kila siku, vinginevyo mnazi utahama na mwezi utalaumiwa.

Akishazoea, mfundishe kupima kwa mkono. Ngumi ya mtu aliyenyoosha mkono wake mbele hufunika takriban nyuzi 10 za anga, awe mtoto au mtu mzima, kwa sababu mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo. Baada ya jioni tatu au nne mtoto atagundua mwenyewe kwamba saa ile ile ya magharibi, mwezi umelihama jua kwa zaidi ya ngumi moja kila siku. Kufikia siku ya saba uko karibu utosini wakati jua linazama. Siku ya kumi na nne hivi unachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, nao umepevuka.

Hapo ndipo walimu wengi huishiwa pumzi, maana baada ya mwezi kupevuka watoto wanakuwa wamelala unapochomoza. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Lakini msiuache! Waambieni watoto wautafute asubuhi, njiani kwenda shule, upande wa magharibi. Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii: mtoto anakimbilia darasani akihema, anasema mwezi upo nje na jua limetoka. Wengi wao, na naomba tuseme kweli, wengi wetu, tulikua tukiamini kwamba mwezi ni wa usiku. Kumbe nusu ya maisha yake huonekana mchana, na hatukuinua vichwa.

Naulizwa hapa mbele kuhusu masika. Swali zuri, Mwalimu. Siku ya mawingu mtoto aandike "mawingu". Asichore alichokisia. Hilo si pengo katika daftari, ndilo somo lenyewe la uaminifu katika kuchunguza. Na daftari lenye mawingu siku tisa ni bora kuliko lililojaa vizuri kwa kunakili la jirani.

Hoja ya pili: sura za mwezi zifundishwe nje, juani.

Ukiwauliza watu kumi kwa nini mwezi unakuwa nusu, si ajabu kusikia kwamba ni kivuli cha dunia. Kosa hili ni gumu kung'oka kwa maneno. Nimewahi kulieleza vizuri sana, kwa mchoro na kwa rangi, na wiki iliyofuata wanafunzi wakaandika kivuli cha dunia.

Linang'oka kwa mpira wa udongo. Finyanga udongo uwe mviringo kama ndimu kubwa, uchomeke kwenye kijiti, uupake chokaa ukauke. Ngoja siku ya sita, ya saba au ya nane ya mwezi. Alasiri, kuanzia saa tisa, mwezi unakuwa juu na jua bado liko. Watoe watoto uani. Kila mmoja ashike mpira wake, anyooshe mkono, auweke angani pembeni ya mwezi wa kweli, kisha atazame vyote viwili kwa pamoja.

Mpira utakuwa umeng'aa nusu, na nusu ile ile. Ukingo wa giza utainama kama wa mwezi unavyoinama. Jua moja linaviangaza vyote viwili, na mtoto anavitazama kutoka upande mmoja. Hakuna kivuli cha dunia popote, kwa sababu jua liko pale magharibi na mwezi uko huku, na dunia iko chini ya miguu yake. Mwulize tu, "Kivuli kiko wapi?" kisha unyamaze. Nawasihi mnyamaze. Ukimjibia hapo umemnyang'anya.

Baada ya hapo ndipo mnaweza kuingia ndani, mkaziba madirisha kwa kanga na mablanketi, mkawasha balbu moja katikati au kandili pale pasipo na umeme. Kichwa cha mtoto ni dunia, mpira ni mwezi, taa ni jua. Azunguke pole pole kwa kwenda kushoto huku mpira umetangulia mbele yake, na sura zote za daftari lake zitapita mkononi mwake moja baada ya nyingine. Mpira ukifika nyuma, upande usio na taa, kichwa chake kitautia kivuli. Mwambie auinue kidogo, na mpevu utatokea. Hapo atauliza swali ambalo watu wazima hawaulizi: je, mwezi wa kweli nao huinuliwa? Jibu lake liko katika hoja inayofuata.

Tahadhari moja tu, na nitaisema mara moja kwa sauti kubwa: mtoto asilitazame jua hata kidogo. Tunautazama mwezi na mpira, jua linakuwa nyuma au ubavuni.

Hoja ya tatu: umbali uoneshwe kwa kamba.

Chukua mpira wa miguu wa kawaida, ule wenye upana wa sentimita 22. Huo ni dunia. Mwezi, kwa kipimo hicho, ni limau la sentimita 6, maana kipenyo cha dunia ni kilomita 12,742 na cha mwezi ni kilomita 3,474. Mpe mtoto limau, mwambie aliweke umbali unaostahili. Ataliweka hatua moja kutoka kwenye mpira, kwa sababu ndivyo michoro yote ilivyomzoesha.

Sasa zungushia kamba tumbo la mpira mara tisa na nusu. Ifungue, inyooshe. Utapata zaidi kidogo ya mita 6 na nusu, na mwisho wa kamba ile ndipo limau linapokaa. Kwa kweli ni wastani wa kilomita 384,400. Darasa huwa kimya hapo. Wengine hutoka nje ya mlango kufuata kamba. (Jua, kama mnataka kujua, lingekuwa na upana wa mita 24, nalo lingewekwa kilomita 2 na nusu kutoka hapa. Wapeni watoto wachague wenyewe ni kwa nani mtaani.)

Na lile swali la kuinuliwa? Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukiilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Kwenye kamba yetu, limau linaweza kupita sentimita 60 juu au chini ya mstari ulionyooka kutoka taa hadi mpira. Kivuli cha dunia pale mwisho wa kamba kina upana wa sentimita 16 tu. Mtoto akishika limau kwenye ncha ya kamba na kulipandisha na kulishusha ataona mara moja kwa nini mwezi haupatwi kila unapopevuka. Huikosa shabaha mara nyingi.

Ikitokea ukalenga, ndipo tunapata usiku kama ule wa tarehe 7 Septemba 2025. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro dakika nane, mwezi ulikuwa mzima ndani ya kivuli, mwekundu kama kaa linalofifia. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya hewa ya dunia ukapinda, mwanga wa mapambazuko na machweo yote yaliyokuwa yakitokea duniani saa ile. Nawajua wazazi walioamsha watoto. Nawajua pia walioambiwa na watoto wao, "Baba, leo dunia ndiyo iliyosimama katikati."

Hoja ya nne: mashimo ya mwezi yachimbwe na watoto.

Hili ni la jikoni. Beseni, mchanga laini mkavu mpaka nusu, na juu yake tabaka jembamba la majivu yaliyochekechwa. Nimeona miongozo inayotaka unga wa ngano. Mimi sipendi kumwaga chakula mbele ya watoto, na majivu yanafanya kazi ile ile. Gololi idondoshwe kutoka kimo cha goti, kisha kiuno, kisha bega. Kila shimo lipimwe kwa rula na liandikwe. Kisha gololi kubwa, kisha kokoto lenye kona.

Watoto huona mambo mawili. Kadiri kitu kinavyotoka juu ndivyo shimo linavyopanuka, na mchanga wa chini huruka juu ya majivu na kutandaza miale pande zote. Miale kama hiyo ipo mwezini. Mwezi ukipevuka, mwenye darubini ndogo ataiona ikitoka kwenye shimo liitwalo Tycho, upande wa kusini. Waambieni pia mfano wetu unapokosea: mawe yaliyopiga mwezi yalikwenda kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde moja, yakalipuka. Gololi yetu haikulipuka. Mtoto akizoea kuuliza "mfano huu unadanganya wapi?" hatadanganyika kirahisi akiwa mtu mzima.

Kisha wasimulieni Kimondo cha Mbozi, kule mkoani Songwe. Ni chuma kilichotoka angani, kinakadiriwa kuwa na tani 16, nacho kimelala ardhini hadi leo. Mtoto mmoja aliniuliza, "Shimo lake liko wapi?" Hakuna shimo linaloonekana. Mvua, udongo na mizizi vimelifuta, kama vinavyofuta kaburi lisilopaliliwa. Mwezini hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna mizizi. Shimo la miaka mamilioni bado lipo, na nyayo za watu waliotua Julai 1969 zingalipo mavumbini.

Hoja ya tano: nyumbani wanaujua mwezi, shule iwaulize.

Hapa, ndugu zangu, moyo wangu ndipo ulipo. Tunafundisha mwezi kana kwamba ni mgeni aliyekuja na kitabu. Lakini mtoto wa pwani amezaliwa katika lugha iliyojaa mwezi. Bamvua. Maji mafu. Hilali. Mbalamwezi. Giza, kwa maana ile ya wavuvi wa dagaa: zile siku ambazo mwezi haupo usiku, taa zao ndizo zinazowavuta samaki, na mapato hupatikana. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mvuvi haina nguvu, na mashua nyingi hupumzika. Mtoto wa mvuvi anajua mwezi kwa wali uliopo na usiokuwepo mezani. Kwa nini ujuzi huo usiingie darasani?

Wapelekeni watoto ufukweni, wakiwa na watu wazima na kamwe si peke yao, na wachague nguzo ya gati au mwamba. Waweke alama maji yanapojaa na yanapokupwa, siku ya mwezi mpevu, kisha wiki moja baadaye. Siku za bamvua, maji kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu tofauti hupungua sana. Alama zile ziwekwe mbele ya daftari la mwezi, ukurasa kwa ukurasa. Nimeona watoto wakifika wenyewe kwenye jambo ambalo kitabu hulitaja kwa mstari mmoja: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwandamo na baada ya mpevu. Waiteni kina mama wanaolima mwani waje darasani. Wao hupanga wiki zao kwa bamvua, kwa kuwa ndipo maji hukauka ya kutosha kufika kwenye kamba zao. Mama mmoja wa mwani kwa saa nzima anafundisha zaidi kuliko mimi kwa muhula. Sababu ya maji kujaa pande mbili za dunia kwa wakati mmoja iacheni ingoje sekondari.

Na nyie maustadhi, hazina iko kwenu. Kalenda yetu ya Mfungo Mosi, Mfungo Pili mpaka Mfungo Sita wa Maulidi na kuendelea, watoto wa leo wengi hawaijui. Waambieni wahesabu: miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kisha kila mtoto aende kwa bibi yake amwulize: "Ulipokuwa mdogo, Ramadhani iliangukia wakati gani? Masika? Kiangazi? Maembe yakiiva?" Majibu yabandikwe ukutani kwa mpangilio wa umri wa mabibi. Ramadhani itaonekana ikitembea juu ya ukuta, ikizunguka mwaka mzima kwa miaka 33 hivi. Nimelifanya hili mara mbili. Mara zote mbili kulikuwa na bibi aliyefika shuleni mwenyewe, amevaa kanga mpya, kuhakikisha jibu lake limeandikwa sawasawa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unaitazama saa, namalizia.

Nawaombeni tarehe moja. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2028, mwezi utachomoza huku kwetu ukiwa umeshaanza kumegwa. Kuanzia saa moja na robo usiku utazama mzima ndani ya kivuli cha dunia, na utakaa humo mpaka karibu saa mbili na nusu. Watu watakuwa macho hata hivyo kuusubiri mwaka mpya. Mtoto atakayeanza daftari lake katika mwandamo ujao atakuwa ameujaza mwezi mara nyingi kabla ya usiku huo. Atajua utachomozea nyuma ya mti gani. Mwekeeni mkeka, penseli na saa. Na mwacheni yeye ndiye awaeleze majirani.

Ninyi mnaotaka kuanza, nimeacha kamba na mipira ya udongo kwenye meza ya mlangoni, inatosha kila shule mmoja. Chokaa haijakauka vizuri, ishikeni kwenye vijiti. Na kama kuna mwanamke humu ukumbini aliyewahi kuchora mtumbwi darasani kwangu akakosa alama, namwomba asiondoke kabla hatujaonana.